Mafuta ya Mbu ya Gramu

Wifi yangu ni karani wa mizani katika kinu cha unga, na kazi hiyo imemwingia mpaka kwenye mifupa. Miaka ishirini na sita amekaa kwenye kiti kile kile kando ya mizani, nyusi nyeupe kwa vumbi la unga, daftari juu ya goti. Gunia likiletwa hulipima kwanza likiwa tupu, halafu likijaa, kisha hutoa uzito wa gunia lenyewe, ndipo anaandika. Wapagazi walimpa jina la Gramu kwa sababu hakuna aliyewahi kumpitishia hata moja. Jina likamfuata mpaka nyumbani. Siku hizi hata mumewe akimtafuta anauliza, "Gramu yuko wapi?"

Huyo mumewe ni kaka yangu, tumbo moja, fundi saa. Tunakaa ua mmoja: wao wana vyumba viwili vya mbele, mimi nina chumba cha nyuma na cherehani yangu. Nasema haya ijulikane kwamba sikuhadithiwa na mtu. Dirisha langu linatazama jiko lao la nje, na mimi si mtu wa kufunga dirisha.

Kila Jumamosi asubuhi Gramu hupika mafuta ya mbu. Anaanza kwa kukata mchaichai alioupanda kando ya bomba, na anaukata kwa mkasi wangu wa vitambaa, jambo ambalo nimelisemea mpaka nimechoka. Majani ni kilo moja na robo, kamili. Katikati ya sufuria kubwa anaweka tofali lililosuguliwa likatakata, juu ya tofali bakuli tupu la bati, majani pembeni, maji yafike nusu ya tofali. Mfuniko anaugeuza chini juu ili kirungu chake cha kushikia kitazame bakuli, na juu ya mfuniko anarundika barafu. Moto ni mdogo. Mvuke ukipanda unakutana na ubaridi, unageuka matone, matone yanateremka mpaka kwenye kirungu na kudondokea bakulini. Hiyo ni kazi ya saa mbili na nusu, na ole wako umsemeshe.

Mwisho anapata bakuli la maji yenye harufu, na juu yake utando mwembamba wa mafuta. Utando huo anaunyonya kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Sufuria nzima inampa mafuta yasiyojaa kijiko cha chai, naye anakibeba kijiko hicho kwa mikono miwili. Halafu ndiyo kuchanganya: nusu kikombe cha mafuta ya nazi, matone ishirini ya mchaichai, matone kumi ya mkaratusi kutoka duka la dawa, matone matatu ya karafuu. Matatu tu. Mwaka mmoja aliweka kumi na mawili akidhani ndiyo ukali wenyewe, akampaka mdogo wetu wa mwisho shingoni. Maskini alikaa siku mbili hawezi kuvaa shati lenye kola. Mpaka leo akija kututembelea anakaa karibu na mlango.

Chupa zilikuwa zinabandikwa karatasi, mwandiko wake mwenyewe uliosimama wima: "Mafuta ya mbu. Paka jioni. Hutaumwa mpaka asubuhi." Mtaa mzima ulikuwa nazo. Mwalimu wa nyumba ya kona alikuwa nayo, kinyozi alikuwa nayo, na mama muuza mkaa alikuwa nazo mbili.

Sasa niseme yalianzaje, kwa sababu mtu asiyejua anaweza kumwona ni mwanamke wa vituko tu.

Mtoto wao wa kwanza alikuwa msichana. Alikuwa na miaka minne malaria ilipompanda kichwani, na katika siku tatu ikamchukua. Mtoto yule alikuwa analala ndani ya chandarua, chandarua kizima, nilikipindia mikanda mimi mwenyewe kwa cherehani hii. Mwezi mmoja baada ya mazishi Gramu alikitoa kwenye misumari, akakikunja vizuri, akakichoma uani. Nilimuuliza anafanya nini. Akasema, "Kilikuwepo."

Akaacha kula. Alikuwa anakunywa chai na kumegamega mkate pembeni, na kazini hakukosa hata siku moja, lakini akirudi alikuwa anakaa akitazama ukuta. Kaka alikuwa anamkatia chakula vipande vidogovidogo, anamwekea mbele, na baadaye anakuja kuviondoa vilevile. Nilimpenda na nilimchukia kwa wakati mmoja, maana alikuwa anatuulia kaka yetu polepole. Hivyo ndivyo nilivyofikiri, na sitaficha.

Mwanamke mmoja wa pale kinuni, mshona midomo ya magunia, ndiye aliyempa mche wa kwanza wa mchaichai na kumwambia mbu hawaupendi. Gramu akaupanda. Miezi ikapita, akapika mara ya kwanza, akaunguza. Akapika tena. Jumamosi moja nikachungulia dirishani nikamwona amesimama kando ya sufuria, mkono mmoja kiunoni, mkono wa pili umeshika sahani, anakula. Alikuwa anakula huku akisubiri mvuke, bila hata kujijua. Nilirudi kwenye cherehani yangu, na mshono niliokuwa naushona siku hiyo ilinibidi niufumue wote.

Tangu hapo yakawa maisha yake. Na kwa kuwa Gramu ni Gramu, mafuta yalikuwa hayatoki nyumbani bila kupimwa. Jumamosi jua linapozama alikuwa anakaa kwenye benchi la nyuma, mikono wazi mpaka kwenye mabega, amejipaka. Kaka alikaa kushoto kwake ameshika saa. Nusu saa, wala dakika isizidi. Kaka yeye hakupaka, siku hiyo wala siku nyingine. "Harufu inaniumiza kichwa," alikuwa anasema. "Halafu nitakwendaje kazini nanukia kama choo cha hoteli?"

Sasa, kaka yangu mbu wanampenda tangu utotoni. Tulikuwa tunalala wanne kitanda kimoja, asubuhi anaamka yeye peke yake ana mabaka. Kwenye benchi lile alikuwa anajipiga makofi nusu saa nzima, pa, pa, pa, na Gramu kando yake ametulia tuli. Muda ukiisha Gramu alikuwa anafungua daftari na kuandika safu mbili. Hajapaka: kumi na tisa. Amepaka: sifuri. Wiki inayofuata ni hivyo hivyo, ishirini na mbili kwa sifuri, kumi na saba kwa moja.

"Yeye hajapaka, ameumwa," alikuwa anatuambia. "Mimi nimepaka, sijaumwa. Mnataka hesabu gani nyingine?"

Nani angebishana na karani wa mizani? Mimi mwenyewe sikuyaamini sana mafuta yale. Nilikuwa nayapaka mchana anione, na jioni nafunga mlango, nawasha dawa ya mbu ya kuzunguka, naingia kwenye chandarua changu kimyakimya. Lakini nilipotaka kusema neno, daftari lilikuwa linanifunga mdomo.

Kaka alikuwa anaugua malaria mara mbili kwa mwaka, wakati mwingine mara tatu. Gramu alikuwa anamwekea kitambaa cha maji kwenye paji la uso huku akimsema. "Si ungepaka. Kichwa kigumu kama nini." Kaka, meno yakigongana, alikuwa anajibu kwamba atapaka mwakani. Ukawa ndio mzaha wa nyumba yetu, miaka ishirini na miwili.

Mwaka huu Kaka alianguka. Alikuwa anatundika saa ya ukutani kwenye ukumbi wa shule, ngazi ikateleza, mfupa wa paja ukavunjika. Hospitali wakamlaza, mguu wakauning'iniza kwa kamba na mfuko wa mchanga upande wa pili. Siku tulipokwenda kumwona, Gramu alimpa pole, akaugusa ule mfuko kwa chini, akasema, "Kilo nne." Muuguzi akashtuka, maana ndizo zilizoandikwa kwenye jalada.

Madaktari walisema wiki sita. Kwa hiyo binti yao akaja. Huyu ni mtoto wao wa pili, aliyezaliwa baada ya ule msiba, ameolewa mbali kidogo na alikuwa na mimba ya miezi saba, ya kwanza. Alisema anakuja kumwangalia mama yake asikae peke yake, na kama Mungu akipenda ajifungulie hapa hapa. Akapewa upande wa baba yake kitandani.

Kliniki walikuwa wamempa chandarua, kipya, bado kimo ndani ya mfuko wa plastiki. Nilikuwepo alipokitoa kwenye begi. Gramu alikitazama kidogo tu.

"Kirudishe humo," alisema. "Humu ndani tuna mafuta."

"Mama, muuguzi amesema nisilale bila chandarua."

"Muuguzi hakukulea wewe. Umelala miaka ishirini kwenye nyumba hii bila chandarua. Uliwahi kuugua?"

Ni kweli, hakuwahi kuugua hata mara moja. Tulipobaki wawili nilimwambia akitundike tu, mama yake atakasirika siku mbili na yataisha. Akasema, "Shangazi, siyo hasira. Ataumia." Mimi mdomo wangu hauna breki, kila mtu anajua. Nimewahi kumwambia mchungaji kwamba suruali yake inambana. Lakini siku hiyo nilimeza maneno yangu, nikasema haya, shauri yenu. Hilo nimelibeba mpaka leo.

Jumamosi ya kwanza Gramu alikaa kwenye benchi na binti yake, wote wamepaka, mimi ndiye nimeshika saa, nimekaa mbali mlangoni kwangu. Hazikupita dakika kumi binti akaanza kujikuna. Gramu naye akajipiga kofi begani, akautazama mkono wake kwa mshangao. Nusu saa ilipokwisha, kumi na moja kwake na tisa kwa binti.

"Mvua," akasema. "Mchaichai umelowa, umekuwa maji matupu. Mimi ndiye mjinga, nimekata asubuhi ya mvua."

Akaumwaga mkupuo ule wote kwenye mfereji. Hakungoja Jumamosi nyingine. Jumatatu aliporudi kutoka kazini akakata mchaichai upya, akaukausha siku nzima, akapika. Wakaumwa. Akaongeza mkaratusi, wakaumwa tu. Akapanda mpaka matone sita ya karafuu, binti akasema inamchoma tumboni, nikamwambia Gramu mbele yake kwamba mwanamke mwenye mimba si ukuta wa kupakwa rangi. Akashuka tena matatu. Akabadilisha mafuta ya nazi. Akabadilisha mpaka sufuria. Jikoni kwao kukawa na mvuke hata siku za kazi, mimi nguo za wateja zinanuka mchaichai mpaka ndani ya mishono. Mikono yake ilijaa mabaka, na kila akijikuna alikuwa anaandika.

"Labda hayafanyi kazi," nilimwambia siku moja, taratibu kabisa, kwa sauti ambayo hata mimi sikuijua.

"Wifi, yamefanya kazi miaka ishirini na miwili. Nina daftari."

Na kila usiku binti alikuwa anapakwa mafuta na mama yake, miguu, mikono, shingo, kwa uangalifu wote wa dunia, halafu wanalala. Chandarua kiko ndani ya begi chini ya kitanda.

Wiki ya tatu, saa sita mchana, jua kali, nilimkuta binti amejifunika blanketi mbili anatetemeka. Nilimshika paji la uso nikaondoa mkono haraka. Nilikwenda kinuni mimi mwenyewe na kanga yangu ya nyumbani. Gramu aliponiona tu alisimama, gunia likabaki juu ya mizani halijaandikwa, na hilo wapagazi wanalizungumza mpaka leo.

Hospitali walimtoboa kidole, wakapima. Malaria. Wakamlaza, wakamtundikia dripu. Muuguzi alikuwa msichana mdogo mwenye kalamu tatu mfukoni. Akauliza, "Una chandarua?"

"Ninacho," akasema binti.

"Unalala ndani yake?"

Binti akamtazama mama yake. Gramu alikuwa amesimama miguuni mwa kitanda, vumbi la unga bado liko kwenye nyusi.

"Halali ndani yake," alisema. "Mimi ndiye niliyemkataza. Andika hivyo."

Yule msichana akaandika. Halafu daktari akaja, akaweka chombo chake tumboni, akasikiliza muda mrefu kuliko nilivyopenda. Akasema moyo wa mtoto unapiga, lakini unakwenda mbio, na homa ya namna hii ikikaa inaweza kuleta uchungu kabla ya wakati. Tungojee dawa ishike. Hakusema itashika. Nilimshukuru kwa kutotudanganya, na nilitamani atudanganye.

Saa za kutazama wagonjwa zilikuwa hazijaisha. Gramu akasema, "Twende kwa baba yake." Wodi ya wanaume iko upande wa pili wa uwanja, na njia nzima alikuwa anatembea mbele yangu, sikuweza kumfikia.

Kaka alikuwa anatengeneza saa ya mgonjwa wa kitanda cha jirani, ameilaza juu ya kifua. Alipotuona akaiweka chini. Gramu akamweleza yote, sawasawa na yalivyotokea, bila kupunguza wala kuongeza, kama anasoma kwenye daftari lake.

"Nilidhani amekuja na chandarua," alisema Kaka.

"Amekuja nacho. Kiko kwenye begi."

Kaka akafumba macho.

"Sijui ninakosea wapi," Gramu akaendelea. "Nimepika mara saba. Nimebadilisha kila kitu, mzee. Kila kitu nimekibadilisha, na hayakubali."

"Kuna kitu hukukibadilisha," akasema Kaka. "Mimi sipo."

Gramu hakuelewa. Mimi nilielewa, papo hapo, nikajikuta nimekaa kitandani kwa mtu nisiyemjua.

"Mbu walikuwa wananifuata mimi," alisema Kaka. "Siku zote. Wakinikuta mimi hawana shida na mtu mwingine. Mafuta yanasaidia kidogo, sikatai, lakini hayafiki asubuhi. Hayafiki hata nusu saa."

"Umejuaje?"

"Unakumbuka nilipokwenda kwenye msiba wa mjomba? Siku nne. Niliporudi nilikukuta mikono imevimba, umemwaga chupa zote, umekaa unatazama ukuta. Ukaniambia mafuta yameharibika. Wiki iliyofuata nikakaa hapo kando yako, ukapata sifuri. Wiki nyingine nikachelewa kazini kwa makusudi, ukapata nane. Nikarudi, sifuri."

"Huo ulikuwa mwaka wa pili," alisema Gramu. Bila shaka alikuwa anauona ukurasa.

"Mwaka wa pili."

"Na ukakaa kimya miaka ishirini. Unaugua kila mwaka, mimi nakutukana."

"Si matusi makubwa."

"Kwa nini hukusema?"

Kaka aliutazama mguu wake uliokuwa unaning'inia.

"Ulikuwa umeanza kula," alisema.

Nimewahi kumwona wifi yangu akilia kwenye msiba wa mwanawe, na sikumwona akilia tena mpaka siku hiyo. Alilia amesimama, mikono imeshuka pembeni. Wagonjwa wa vitanda vya jirani waligeukia ukutani, Mungu awabariki. Kaka akaanza kusema kwamba kosa ni lake, binti akipatwa na lolote kosa ni lake, angesema mapema, na Gramu akamwambia anyamaze. Halafu akajifuta uso kwa kiganja, unga na machozi vikachanganyika.

"Sikupima gunia tupu," alisema. "Kila Jumamosi nilikuwa nakuandika wewe upande wa pili wa daftari, nikadhani wewe ndiye gunia tupu."

Tulikesha na binti kwa zamu. Siku ya pili homa ilishuka, ikapanda tena, na Gramu alikaa kwenye kile kiti cha plastiki akishika mkono wa mwanawe. Siku ya tatu asubuhi homa ilishuka ikabaki chini. Daktari akasikiliza tena, safari hii kwa muda mfupi, akasema mapigo ni mazuri. Binti akasema ana njaa. Gramu akaenda kumletea chakula, akaketi, na sahani ya pili akaila yeye. Nililiona hilo.

Tuliporudi nyumbani kitu cha kwanza alichofanya ni kuingia chini ya kitanda na kulitoa lile begi. Hakuniomba msaada. Alipigilia misumari minne mwenyewe, mmoja ukapinda, akaung'oa na kuupigilia mwingine. Chandarua kikatandazika. Alikizunguka akikagua pindo lote kwa vidole, halafu akasimama akakitazama kwa muda. Sijui alikuwa anaona nini, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu sikuuliza.

Kesho yake akanishika mkono tukazunguke mtaani. Nyumba kwa nyumba, kila aliyekuwa na chupa. Alikuwa anasema maneno yale yale, "Niliandika hutaumwa mpaka asubuhi. Si kweli. Nilipima vibaya. Lala kwenye chandarua." Mimi nilikuwa pembeni, nimejiandaa kupigana na atakayecheka. Kinyozi akasema yeye huyapaka ndevuni zing'ae, mbu hajawahi kuwafikiria. Mama muuza mkaa akasema chupa zake mbili anazo kwa ajili ya harufu, maana mkaa nao unanuka. Mwalimu wa nyumba ya kona alivua miwani, akaifuta, akasema, "Mama Gramu, sote tuna vyandarua. Tulikuwa hatujui tukwambie vipi."

Tulipotoka hapo akasema, "Kumbe mtaa mzima mlinificha."

"Mimi nina dawa ya kuzunguka chini ya cherehani," nikamwambia. "Miaka yote."

"Najua. Inanuka."

Jioni hiyo nilimwona amefungua daftari la zamani mezani, anajumlisha safu moja tu, ile ya kushoto. Alianza mwaka wa kwanza. Alipofika wa tatu aliiweka kalamu chini, akalifunga, na sijaliona tena.

Kaka alirudi na magongo baada ya wiki nne nyingine. Binti tumbo lilikuwa limeshuka, tunangoja siku yoyote, analala ndani ya chandarua, mama yake anakikagua kila jioni kabla ya jua kuzama. Na Jumamosi ya kwanza ya Kaka nyumbani, Gramu akapika. Nilidhani ameachana na mambo hayo. Kilo moja na robo, tofali, bakuli, barafu, mkasi wangu. Jioni akamkalisha Kaka kwenye lile benchi, mguu juu ya kigoda, akachukua chupa.

"Leo unapaka wewe," alisema.

"Kichwa kitaniuma."

"Kichwa chako hakijawahi kuuma kwa harufu. Lete mkono."

Akampaka. Mikono yote miwili, shingo, nyuma ya masikio, ule mguu mzima na ule mgonjwa mpaka mahali plasta ngumu ya hospitali ilipoanzia. Kisha akachukua saa, akavuta kiti chake, akaenda kukaa mbali kabisa, karibu na mlango wangu, ili asichanganye hesabu. Tulikaa tukimtazama Kaka kama tunatazama sufuria. Dakika tano hakuna kitu. Dakika kumi hakuna. Mkono wake wa kulia ulikuwa unapanda wenyewe kidogo, umezoea kupiga, kisha unashuka haukupata kitu. Dakika ya ishirini na mbili akajipiga kofi kwenye kiwiko. Gramu akaandika.

Karatasi za chupa sasa zinasema hivi: "Mafuta ya mbu. Dakika ishirini, kisha paka tena. Ukilala, lala kwenye chandarua." Hazitoki kama zamani, isipokuwa kwa mama muuza mkaa.

Jumamosi iliyofuata nilichelewa kumaliza gauni la mteja, nikatoka nje giza likianza kuingia. Kaka alikuwa kwenye benchi amelala, kichwa kimeegemea ukuta, mdomo wazi, mikono imetulia juu ya mapaja. Sijawahi kumwona kaka yangu amelala nje saa ya mbu, tangu tulipokuwa watoto. Gramu alikuwa amekaa kushoto kwake, mahali ambapo zamani Kaka ndiye aliyekuwa anakaa, saa mkononi, chupa imefunguliwa kando. Yeye mwenyewe hakuwa amepaka. Alijipiga kofi begani, polepole asimwamshe, akatazama saa. Dakika ishirini zilipotimia akamimina mafuta kiganjani, akauinua mkono wa Kaka, akaanza kumpaka tena.